Helmeti Zilizofukizwa Udi

Helmeti ziliingia nyumbani kwetu Garissa siku chache kabla ya Ramadhani, ndani ya magunia ya mchele, juu ya tuktuk. Habaryar alikaa katikati yake amezikumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Habaryar ni mdogo wake mama. Ninaishi kwake tangu nilipopata nafasi ya shule ya upili hapa mjini. Yeye ni mhudumu wa afya wa bula yetu, yaani mtaa wetu, yule mama anayepita nyumba kwa nyumba na begi mgongoni, akipima watoto mikono na kuuliza nani ana homa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mara nyingi huwa nimesimama mlangoni, si ndani, si nje.

Kwetu ni Bute, mbali huko Wajir Kaskazini, ambako mama ana duka dogo na mbuzi wachache. Huko nikipita njiani watu huuliza mama yangu anaendeleaje na mguu. Hapa Garissa ninaitwa "yule wa Bute" na hakuna anayejua kama mama yangu ana miguu. Si kwamba wananichukia. Mtu anayekuchukia angalau anakumbuka kuwa upo. Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu ni cha kuongea, Kiingereza ni cha mtihani, na Kiswahili ndicho ambacho hakuna mtu nyumbani atakayejisumbua kukisoma.

Tatizo langu ni sauti. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini linakwama hapa kooni. Siku moja msichana wa dawati la nyuma akasema, "Wa Bute amemeza SIM kadi, subirini network," na darasa zima likacheka. Mimi pia nilicheka, maana kweli ilichekesha. Kisha nikaenda msalani nikakaa huko mpaka kengele.

Sasa, habari ya helmeti. Kando ya madrasa ya bula yetu kuna uwanja wa mchanga, na pembeni yake kuna fundi wa baiskeli, mzee aliyetoka upande wa Mwingi miaka mingi iliyopita. Huyo fundi hukodisha baiskeli kwa watoto. Unalipa, unazunguka, unarudisha. Siku za kawaida watoto ni wachache, lakini Idd ikifika kila mtoto ana pesa mkononi na nguo mpya mwilini, na hakuna kitu kingine mjini anachokitaka isipokuwa baiskeli. Idd iliyopita mtoto wa nyumba ya nyuma yetu alitoka nje ya uwanja kwa mwendo wa kasi akaanguka, kichwa kikagonga jiwe la ukingo wa lami. Alipona. Lakini mpaka leo akiitwa huchelewa kugeuka, kama vile jina lake linamfikia kutoka mbali.

Baada ya hapo watu wa zahanati, maalim wa madrasa, fundi, na shirika moja lililotoa helmeti wakakaa pamoja. Wakakubaliana hivi: zahanati itafundisha, maalim atatangaza, fundi hatampa baiskeli mtoto asiye na helmeti, na helmeti zenyewe zitakaa kwa akina mama, chache kwa kila nyumba, ili zisirundikwe kwenye stoo na kusahauliwa. Mtu wa kuunganisha mambo yote hayo alikuwa habaryar.

Somo la kwanza lilifanyika uwanjani, alasiri, wiki ya kwanza ya mfungo. Muuguzi wa zahanati alikuja na matikiti maji mawili kutoka mashamba ya mtoni. Akaliinua moja juu.

"Hiki ni kichwa cha mtoto wako," akasema, akaliachia.

Likapasuka, maji mekundu yakatapakaa mchangani. Watu wote pale walikuwa wamefunga tangu alfajiri.

"Astaghfirullah!" Huyo alikuwa bibi wa jirani yetu, mama mkubwa wa maneno. "Tikiti zima! Mtu amefunga, wewe unamwaga tikiti mbele ya macho yake?"

"Ni mfano tu, bibi."

"Mfano si ungetumia jiwe?"

"Jiwe halipasuki."

"Basi Mungu ampe mjukuu wangu kichwa cha jiwe, twende nyumbani."

Walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi kwa shuka zao. Tikiti la pili lilivalishwa helmeti, likafungwa ukanda, likaangushwa. Likadunda, likabingirika mpaka miguuni mwa maalim, zima. Maalim akainama akaliokota, akasema hilo atalipasua yeye mwenyewe saa ya magharibi, na hakuna aliyembishia.

Kisha muuguzi akaipindua helmeti, ndani yake ikatazama juu. Akabandua vile vipande vya sponji laini, akatuonyesha kilicho chini yake: kitu cheupe, chepesi, kama kile kinachowekwa kwenye boksi la televisheni mpya. Akasema plastiki ya nje ni ya kupendeza tu. Kinachomwokoa mtoto ni hicho cheupe. Mtoto akianguka, chenyewe kinakubali kupondwa ili fuvu lisipondwe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya wote, lakini hilo nililisikia vizuri.

Habaryar ndiye aliyenipeleka uwanjani siku iliyofuata, nimsaidie kufunga kanda. Nadhani alichoka kuniona nimekaa. Na nikagundua kwamba kufunga helmeti ni kazi ambayo mtu asiyejua kuongea anaweza kuifanya. Mtoto anakuja mbele yako, anainua kidevu, unapitisha ukanda, unapima kama vidole viwili vinapita, basi. Na ajabu ni kwamba mtoto aliyeinua kidevu hawezi kunyamaza. Mmoja aliniambia baba yake ana mke mwingine Dadaab ambaye mama hana habari naye. Mwingine aliniambia huwa anakunywa maji kwa siri chooni na kusema amefunga. Nilisema "eh" na "kumbe" tu, na ilitosha.

Wasichana walikuwa na shida yao. Hijabu hubanwa kwa pini chini ya kidevu, palepale ukanda unapopita, na ukivuta ukanda pini inachoma shingo. Walikuwa wanaivaa helmeti bila kuifunga, inakaa kichwani kama sufuria. Mimi nikaanza kuihamisha pini, naiweka pembeni karibu na sikio, halafu nalaza kitambaa vizuri kisijikunje juu. Muuguzi aliniona siku moja akasema, "Haya, mwalimu, waonyeshe na hawa wengine." Mwalimu! Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani, anayeogopa mwenye mali asije akakidai.

Na kulikuwa na mjukuu wa yule bibi wa tikiti. Ana miaka saba, meno ya mbele hana, na ua wao na wetu unatenganishwa na ukuta mmoja tu. Aliniita abaayo, yaani dada, siku ya kwanza tu, bila kuuliza mimi ni wa nani. Alitaka kujua baiskeli kabla ya Idd ili siku yenyewe aendeshe kama watu, si kusukumwa. Bibi yake hakupenda. Msichana na baiskeli wapi na wapi. Habaryar alikwenda kumwomba mara mbili, na mwisho bibi akasema, "Kwa helmeti, sawa. Bila helmeti nikimwona juu ya chuma hicho nitakivunja mimi mwenyewe." Basi kila alasiri, kabla ya adhana, nilikuwa nakimbia nyuma ya baiskeli nimeshika kiti, koo limekauka kwa saumu, na yeye akipiga kelele kwamba akiwa mkubwa atakuwa dereva wa lori la maji na atanipakia bure. Sikuwahi kabla ya hapo kuwa na rafiki wa miaka saba. Lakini pia sikuwa na wa miaka kumi na sita.

Baada ya kama nusu ya mwezi akina mama wakaanza kulalamika. Helmeti moja inavaliwa na watoto wengi, inapokea jasho la huyu na mafuta ya yule.

"Mwanangu anarudi ananuka kichwa cha mtu mwingine," mmoja alimwambia habaryar mlangoni kwetu. "Na mapunye je? Nani atanyoa watoto wote?"

"Kwani dabqaad yako imevunjika?" habaryar akasema. "Zifukizeni, kama mnavyofukiza nguo."

Lilikuwa wazo zuri. Mtu yeyote wa kwetu angesema hivyohivyo. Dabqaad ni chetezo chetu cha udongo. Unatia makaa, unanyunyiza udi, unatandaza nguo juu, moshi unaingia kwenye nyuzi na nguo inanukia wiki nzima. Hatuwezi kumpa mtu kitu cha kuvaa ambacho hakijafukizwa, ni kama kumpa chakula bila kumkaribisha. Na helmeti, ukiigeuza na kuishusha juu ya chetezo, ilikaa kama kifuniko kilichotengenezewa hapohapo. Jioni ukipita kwenye bula uliona nyumba baada ya nyumba, vichwa vya plastiki vya bluu na vyekundu vimekaa juu ya moshi. Watoto walizivaa kwa fahari. Akina mama wakaanza kushindana, helmeti za nani zinanukia zaidi.

Niligundua katika kumi la mwisho. Nilikuwa ninamfunga yule mtoto wa jirani, yeye akatikisa kichwa.

"Abaayo, inacheza."

Nikakaza kile kigurudumu cha kukazia kilicho nyuma ya helmeti. Bado inacheza. Nikaivua, nikabonyeza ndani kwa kidole gumba ili nione sponji imekaaje, na kidole kikazama. Nikabandua sponji. Chini yake kile cheupe hakikuwepo. Kilikuwa kimejikunja pembeni, kimekuwa cha kahawia na kigumu, kama plastiki iliyosogezwa karibu na moto, na katikati palikuwa wazi kabisa mpaka kwenye ganda. Harufu yake ilikuwa nzuri sana. Kwa nje iling'aa kama mpya.

Nikachukua ya pili, nikabandua. Ya tatu. Mtoto alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kwenye usukani.

"Tunaenda au hatuendi?"

"Leo baiskeli imechoka," nikasema. Nilikuwa nadanganya vibaya na alijua.

Habaryar nilimkuta anakaanga sambusa. Nilimwekea helmeti juu ya kibao alichokuwa anakunjia unga, nikabandua sponji, nikamwambia zimeyeyuka kwa makaa. Akaweka kidole chake pale. Akakiacha humo kwa muda mrefu. Sambusa zikaanza kuungua.

"Zote?"

"Nilizoziona."

Akazitoa sambusa, akazima moto, akakaa kwenye kigoda. Sijawahi kumwona habaryar amekaa wakati kuna kazi.

"Usimwambie mtu mpaka Idd ipite."

Nilianza kuirudisha sponji mahali pake.

"Unajua nimegonga milango mingapi? Wengine walisema hivi ni vyungu tu, sisi tunadanganywa. Wakakubali kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyewaambia wafukize. Nikisema sasa zimeharibika, nani atanifungulia mlango nikija na chanjo? Nani ataniamini nikimwambia mtoto wake apelekwe hospitali?" Kisha akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe, "Si bora helmeti mbovu kuliko kichwa kitupu? Watavaa, wataendesha taratibu. Inshallah hakuna atakayeanguka."

Jibu nilikuwa nalo. Mtoto anayejua amevaa helmeti haendeshi taratibu. Lilibaki kooni.

Nataka niandike ukweli hapa. Sikunyamaza kwa sababu ya heshima peke yake. Nilijua nikisema, helmeti zitakusanywa, na zikikusanywa hakutakuwa na mtoto wa kuinua kidevu mbele yangu. Hakutakuwa na mwalimu. Yule mdogo hatapanda baiskeli siku ya Idd, baada ya jioni zote zile, na ataambiwa ni kwa sababu yangu. Na nyumba ninayolala ni ya mtu ambaye nitakuwa nimemwaibisha mbele ya bula nzima. Nilihesabu upande ule na upande huu, na kila mara upande wa kunyamaza ulikuwa mzito zaidi. Kwa hiyo nikaenda uwanjani kesho yake nikafunga helmeti mbovu kwenye vichwa vya watoto, nikasema "eh" na "kumbe".

Siku hiyohiyo yule mtoto wa nyumba ya nyuma, aliyegonga jiwe Idd iliyopita, alikuja kutazama. Sasa hapandi. Mama yake alimwita kutoka ng'ambo ya uwanja, mara moja, mara mbili. Nilikuwa karibu naye, niliuona uso wake. Hakuwa anakataa kwenda. Alikuwa anatafuta sauti ilikotoka.

Sikufanya uamuzi wowote. Watu hudhani mtu anaamua. Mimi niliacha tu kupata usingizi.

Zikiwa zimebaki siku mbili tatu Idd ifike, akina mama walikuja uani kwetu alasiri, wapangiwe namna siku itakavyokwenda. Habaryar alieleza zamu, akaeleza mipaka ya uwanja, akasema fundi amekubali kuweka mawe upande wa barabara. Hakunitazama hata mara moja. Mwishoni akauliza kama kuna swali.

"Mimi nauliza," akasema bibi wa jirani, "udi wa Mandera na huu wa sokoni, upi unakaa zaidi kwenye helmeti?"

Wakacheka. Na mimi, mlangoni, nikasema, "Hazifai."

"Nani amesema?"

"Yule wa Bute."

"Ameongea? Basi leo mvua itanyesha."

"Hazifai," nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na kwa lafudhi yetu ya kule juu, ile ya kuvuta maneno. Mwanamke mmoja akaniiga, akavuta lile neno mpaka mwisho, wengine wakaguna kwa kicheko. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini nilikuwa nimeshika helmeti, na miguu ikanipeleka mpaka kwa bibi wa jirani. Nikapiga magoti mbele yake, nikabandua sponji.

"Weka kidole gumba hapa, ayeeyo," nikasema; ndivyo tunavyomwita bibi.

"Kwani ni alama za polisi? Nitashikwa?"

"Weka tu."

Akaweka. Kidole kikazama. Kicheko kikamwishia usoni. Akampa aliye kando yake, naye akaweka kidole, akampa wa pili yake. Helmeti ikazunguka ua mzima hivyo, mkono kwa mkono, na kila mmoja akibonyeza zamu ilipomfikia. Nikawaeleza kwamba ni makaa, kwamba kile cheupe alichotuonyesha muuguzi ndicho kilichoyeyuka. Nilieleza vibaya, nikarudia maneno, lakini walielewa. Wanawake wote pale wanajua moto.

"Nani alisema tuzifukize?" mmoja akauliza.

Kila mtu alijua. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Habaryar angeweza kusema mengi: kwamba hawakusikia vizuri, kwamba walitia makaa mengi mno.

"Ni mimi," akasema. "Sikujua, na sikuuliza."

Kisha bibi akasema, "Kumbe tumezipika," na mwingine akasema, "Na zimeiva," lakini kicheko kilichofuata kilikuwa kingine, kikavu. Walipokuwa wanajifunika kuondoka, nilimsikia mmoja kwenye kizingiti akimwambia mwenzake, "Na mwezi ujao atatuletea sindano, tuzichemshe." Habaryar alisikia pia. Aliendelea kukunja mkeka.

Hakunigombeza. Ningeliomba anigombeze. Siku zote tunakula futari kwenye sinia moja, mikono yetu na ya watoto wake ikigongana kwenye wali. Jioni ile aliniwekea chakula kwenye sahani yangu peke yangu, na kijiko juu yake, kama anavyowekewa mgeni kutoka ofisini. Watoto wake walitazama sahani, wakanitazama mimi. Chakula kilikuwa kizuri na kingi. Nilikimaliza chote ili isionekane kwamba nimeelewa.

Helmeti zote zilikaguliwa. Zilizokuwa nzima zilikuwa nne tu, zote za nyumba moja, ambayo haifukizwi kamwe kwa sababu mtoto wao ana pumu. Zilizobaki tulizitia kwenye magunia. Muuguzi alisema nyingine zitaombwa, lakini si kabla ya Idd. Habaryar mwenyewe alikwenda kwa fundi, nami nikamfuata hatua kadhaa nyuma.

"Nne?" fundi akasema. "Mama, Idd hapa watoto ni kama nzige."

"Najua."

Alipangusa mikono kwa kitambaa chenye grisi, akatazama baiskeli zake, alizokuwa amezipaka rangi upya kwa ajili ya siku hiyo. "Nilimpa maalim mkono wangu," akasema. "Nne ni nne. Zinatoka baiskeli nne kwa wakati mmoja, hakuna ya tano."

Yule mdogo wa jirani alikuwa hajazungumza nami tangu siku ya uani. Bibi yake alimwambia ajitayarishe kwamba huenda zamu isimfikie. Nilimwona juu ya ukuta wa ua. Nikamsalimia. Akashuka upande wao.

Asubuhi ya Idd mama alipiga simu kutoka Bute. Network ilikuwa inakuja na kwenda. Aliuliza nimekula, nikasema nimekula, akaanza kusema kitu kuhusu mbuzi, ikakata. Nikavaa nguo mpya, nikaenda uwanjani.

Foleni ilifika mpaka ukuta wa madrasa. Watoto waliopakwa hina, wanaonukia, pesa zimeloa jasho viganjani, wanatazama baiskeli zilizosimama bila kazi kwa sababu hazina helmeti za kwenda nazo. Mimi nilivua hapa, nikafunga pale. Hakuna aliyenisimulia siri.

"Polisi wa helmeti!" mmoja wa wavulana wakubwa akapiga kelele. "Wa Bute ametupikia Idd!"

"Rudi Bute ukavalishe ngamia!"

Nadhani tungemaliza hivyo hivyo, kwa matusi na subira, kama si yule kijana wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameleta baiskeli zake siku hiyohiyo, akazipanga kwenye kiwanja kitupu kinachotazamana na chetu. Hakuwa na mapatano na mtu. "Hapa hakuna kofia ya askari!" akaita. "Lipa, panda, uende!" Foleni yetu ikatikisika, kisha ikakatika katikati. Wakakimbia kwa makundi. Fundi alisimama na kitambaa chake cha grisi akitazama pesa za Idd zikivuka barabara.

Yule mdogo alikuwa mbali nyuma kwenye foleni. Gauni lake lilikuwa la rangi ya machungwa, na kola imekaa upande. Alitazama watoto waliobaki mbele yake. Akatazama ng'ambo. Akanitazama mimi, akaona ninamtazama, akainua gauni kidogo lisimkwaze, akavuka.

"Mwache," fundi akasema. "Wewe si mama yake."

Ilikuwa kweli. Mimi si mtu wake. Wakati huo mvulana mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye baiskeli, nami nikawa nimeshaifungua helmeti yake, na anayefuata amekwishainua kidevu. Nikaishika ile helmeti nikaondoka nayo.

"Ni zamu yangu!" yule mvulana akalia. "Fundi, mwone, anaiba zamu yangu!"

Nilivuka lami huku pande zote mbili zikinizomea. Huko Bute nikipita watu wananisalimia. Nilifikiria hilo, nakumbuka, katikati ya barabara.

"Dada," kijana akasema, "hapa si kwa serikali."

"Nimfunge huyu mmoja tu," nikasema.

"Kwani amekulilia?"

Hakuwa amenililia. Alikuwa tayari juu ya kiti, mguu mmoja kwenye kanyagio, macho ameyakaza kwenye kengele ya baiskeli. Nilihamisha pini yake. Kwa haraka nikamchoma kidogo karibu na sikio, na hakulia, akakaza tu midomo.

"Nakuchukia," akasema chinichini nilipopitisha ukanda.

"Sawa."

"Bibi pia anakuchukia."

"Sawa. Tazama mbele."

Akaenda. Hakuyumba. Mimi nilibaki pale kwenye kiwanja cha mtu, kati ya watoto walionipita kama nguzo, kwa sababu nilijua nikigeuza mgongo ataivua. Kijana akaniambia niondoke, kisha akasahau kuniambia. Jua lilipanda. Alizunguka mpaka pesa zake zikaisha, na kila alipopita mbele yangu alitazama mbele.

Hakuanguka. Alipomaliza aliifungua helmeti mwenyewe, akaiweka mchangani karibu na miguu yangu, si mkononi mwangu, akakimbilia wenzake akiwaambia jinsi alivyokata kona. Niliikung'uta mchanga nikavuka barabara tena, kwa sababu upande wa pili yule mvulana alikuwa bado anangoja zamu yake.